Gauni la Pasaka Lililonukia Karafuu Maiti

Mwaka huu nilicheka msibani. Ninaliandika jambo hili mapema ili usije ukalisikia kwa watu wa Kibiti, maana wao watalipamba mpaka lifanane na harusi. Mama mdogo Zaituni, mdogo wake mama yangu, fundi cherehani aliyewavika watu wa delta na wa vijiji vya barabarani hadi macho yakamwishia nguvu, alikuwa amelala chini ya shuka chumbani kwake. Kina mama walikuwa wanatayarisha maji ya kumwosha. Sanduku lake lilifunguliwa ili itolewe sanda aliyojiwekea mwenyewe, kama wazee wa kwetu wanavyojiwekea. Mimi hapo, mwanamke mzima mwenye mjukuu, mwenye cheti cha kidato cha nne nilichokipata kwa shule ya jioni baada ya kuzeeka, nikaangua kicheko ambacho nina hakika kilisikika mpaka ng'ambo ya mto, na kuku waliokuwa uani wote wakahamia kwa jirani. Walinitoa nje, wakanipa maji, wakasema huzuni imenipanda kichwani. Haikuwa huzuni. Ili nieleze kwa nini nilicheka itanibidi nieleze mwaka mmoja ambao niliogopa kuliko nilivyopata kuogopa kabla yake au baadaye, na mimi nimejifungua watoto wangu wote katika vyumba visivyo na taa.

Mwalimu wetu wa shule ya jioni alikuwa akisema kumbukumbu lazima zianze na ukoo. Nitamkosea heshima, nitauruka. Inatosha ujue kwamba baba alikuwa Mkatoliki aliyetoka bara akaja Kibiti na msumeno wake wa useremala, kwamba mama, Mndengereko wa deltani na binti wa Kiislamu, alimfuata hadi altareni, na kwamba siku hiyo ya harusi mama yake mama, Bibi Mwanahawa, alibaki shambani kwake akifukuza ndege kwenye mpunga kama vile hakuna jambo. Kwa hiyo sisi watoto tulikula pilau ya Idi mbili, pilau ya Krismasi na pilau ya Pasaka, na kama kungekuwa na dini nyingine jirani tungeikaribisha. Kanisani niliitwa Tekla. Kwa bibi niliitwa Mwajuma, na alipokuwa na furaha aliniita mke mwenzangu, kama bibi wa pwani anavyomtania mjukuu wake wa kike, akidai kwamba nimekuja duniani kumnyang'anya mume.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na Pasaka ile ndiyo ningepokea Komunyo ya Kwanza. Zilikuwa enzi za ruksa, maduka ya Kibiti yakianza kupata vitu tulivyokuwa tumesahau kwamba vipo: sabuni zenye harufu, betri, biskuti za kwenye bati. Lakini masika yalikuwa yameikata barabara ya Dar es Salaam, malori yamezama matopeni hadi kwenye vioo, na katika maduka yote hapakuwa na kitambaa cheupe hata cha kutosha leso. Katekista alikuwa ameshasema: mabinti wote weupe, kuanzia shela hadi soksi. Baba akaenda kwenye mitumba iliyotandazwa chini juu ya turubai, akarudi anacheka na gauni refu jeupe, lina utepe shingoni, laini kama maji. Nililipenda papo hapo. Mama alilinyanyua kwa mwiko.

"Hii ni kafa Ulaya," alisema.

"Ni gauni, Mama Tekla."

"Mzungu kafa, nduguze wamemvua, wamelifunga kwenye mtumba wakatuletea sisi. Unadhani mtu mzima na akili zake angetoa nguo nzima namna hii?"

"Kama nguo zote zile ni za maiti," baba alisema, "basi Ulaya yote imebaki na nani? Nani anafunga hiyo mitumba?"

"Sijui nani anafunga. Ninachojua mimi, mwanangu hatampokea Yesu amevaa nguo ya maiti."

Ninayaandika maneno hayo hivi yalivyo kwa sababu yalinikaa. Gauni likarudishwa sokoni, na Wiki Kuu ilipoanza mama akanichukua, tukapanda lori la wachuuzi hadi Nyamisati, tukaingia kwenye mtumbwi wa Shomari kwenda deltani, kwa bibi, ambako Mama mdogo Zaituni alikuwa na cherehani cha mkono na masalia ya vitambaa vya kila rangi. Kule patapatikana cheupe, mama alisema. Shomari alikuwa kijana mwembamba mwenye mdomo mkubwa kuliko mtumbwi wake. Alitupitisha kwenye mito midogo iliyofunikwa na mikoko, akisukuma kwa upondo, akitutajia kila kona nani aliliwa na mamba hapo. Kwa idadi ya watu aliowataja, delta ingekuwa imekwisha watu zamani. Mimi nilimwamini hadi nukta ya mwisho.

Nyumba ya bibi ninaiona sasa hivi nikifumba macho. Ilikuwa ya fito za mikoko na udongo, vyumba viwili na ukumbi, na viambaza havikufika juu kwenye makuti, kwa hiyo mtu akikohoa chumba kimoja aliitikiwa pole cha pili. Mwaka ule Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani. Sisi tuko Kwaresima, wao wamefunga, nyumba nzima ina njaa ya dini mbili, na anayetabasamu ni paka peke yake. Mchana ulikuwa mrefu na mtulivu, hapasikiki ila cherehani cha Mama mdogo, krrr, krrr, akishona nguo za Idi. Jua likizama uji wa pilipili manga ulimiminwa, tende zikatoka kwenye kopo, mihogo ya nazi ikafunuliwa, na kambamti wa mchuzi mwekundu ambao sijala tena mfano wake, walikuwa wakubwa kama kandambili za baba. Mama hakula nyama wala kambamti kwa sababu ya Kwaresima. Bibi alimtazama akasema, "Wewe unafunga na unakula, sisi tunafunga na hatuli. Haya, Mungu atachagua," na wote wakacheka, hata mama, ingawa nilimwona akiinamisha uso haraka.

Kitambaa cheupe hakikuwepo. Mama mdogo alimwaga furushi lote la masalia juu ya mkeka, akiwa na pini mdomoni, akaonyesha kijani, buluu, chenye maua. "Cha kijani hiki je, dada? Yesu atachukia kijani?" Mama alisema ni lazima kiwe cheupe. Bibi alikuwa amekaa mlangoni anapeta mchele. Aliweka ungo chini, akajikung'uta, akaingia ndani.

Mimi niliambiwa nikalale, maana jua lilikuwa kali. Nililala kwenye kitanda cha kamba chumba cha pili, macho yangu juu kwenye makuti, na hivyo ndivyo nilivyosikia kila kitu. Kwanza nilisikia sanduku likifunguliwa. Halafu ikaja harufu, juu ya kiambaza, kali, baridi, inayoingia puani na kukaa. Niliitambua. Jirani yetu mmoja Kibiti alipofariki, nyumba yake ilinuka hivyo: karafuu maiti, ile nyeupe wanayowekewa waliokufa.

"Mama!" ilikuwa sauti ya Mama mdogo, na pini hazikuwa mdomoni tena. "Mama, hiyo si bafta yako ya safari?"

"Safari ipi? Mimi si niko hapa?"

"Mama, siwezi kuipokea," mama yangu alisema.

"Sikupi wewe. Nampa mke mwenzangu."

"Ni sanda yako, mama."

"Ni bafta. Itakuwa sanda siku nikifa, na leo sijafa, leo nimepeta mchele." Kisha bibi akasema kwa sauti ya chini, na ilibidi nizuie pumzi ili niisikie: "Siku ya harusi yako sikuja. Nilikaa shambani nikawarushia ndege mawe, na ndege wenyewe hawakuwepo. Basi acha kitambaa changu kiende."

Nilisikia mtu analia, na mtu mwingine anasema nyamaza, utamwamsha mtoto.

Mtoto alikuwa macho kuliko bundi. Nilikuwa nimebana mikono ubavuni, na nilipotambua kwamba ndivyo maiti wanavyolazwa niliiachanisha upesi na kukaa kitako. Nilipiga hesabu ya kitoto ambayo hata leo, pamoja na cheti changu, sioni palipokosewa. Kitambaa kile kilikwishawekwa kwa ajili ya maiti. Kikitolewa sandukuni, maiti lazima apatikane. Na waliokuwepo wa kuchaguliwa tulikuwa wawili tu: mwenye bafta au mwenye gauni. Ama mimi nitakufa kwa kuivaa, ama bibi atakufa kwa kuitoa, na atakufa hana cha kuvalishwa. Sikumwuliza mtu. Wao walidhani sijui, na kwetu mtoto haulizi mambo aliyoyasikia kwa kulala uongo.

Siku zilizofuata nilikuwa nimesimama katikati ya ukumbi kama mti, Mama mdogo akinizunguka. Alipochana bafta ile kwa mikono, chwaaa, nywele zilinisimama. "Tulia we mtoto, nitakuchoma," alisema, na mimi nikatulia kabisa, nikiwaza ndivyo itakavyokuwa. Alinitengenezea mikono iliyofura kama maandazi, marinda kiunoni, na shela la kipande cha chandarua kilichofuliwa kwa buluu ya kung'arishia. Karibu na pindo alitumia muda mrefu wa ajabu. Alipinda, akapiga cherehani, akapinda tena juu yake, akapiga tena. Mama akamwuliza, "Pindo zito hivyo la nini?" Yeye akasema, "Ni lazima," akaendelea. Kila nilipovaa kupimwa harufu ilinipanda usoni. Walilianika juani, wakalifukiza udi, wakalifunika kwa majani ya mchaichai. Likanuka karafuu maiti, udi na mchaichai, yaani maziko ya mtu tajiri. Na mimi, kila bibi alipokohoa, nilikuwa tayari nimeshafika mlangoni kwake. "Una nini wewe?" aliniuliza. "Mbona unanikagua kama mpunga?"

Ijumaa Kuu ilipita, na Jumamosi asubuhi tukaondoka sote. Mama mdogo alikuwa anapeleka nguo za Idi Kibiti. Bibi alisema atakuja, hakusema kwa nini. Gauni lilikunjwa likatiwa ndani ya sufuria kubwa yenye mfuniko, ikafungwa kwa kanga, kwa sababu mvua haina adabu, na sufuria ile nikapewa mimi niipakate. Nilipanda mtumbwini nikiwa nimekumbatia sanda ya bibi yangu kama mtoto mchanga, na bibi mwenyewe amekaa mbele yangu, mgongo wake mdogo mbele ya macho yangu.

Tulipwelewa. Anayeijua delta anajua neno hilo linavyotisha. Shomari, ambaye kwa maneno yake mwenyewe alizaliwa akiwa ameshika upondo, alikata njia ya mkato kwenye kimto chembamba ili awahi, na maji yakapwa chini yetu, polepole, kama mtu anayevuta shuka. Tukabaki tumekaa juu ya tope jeusi, mikoko imetuzunguka, kaa wadogo wanatoka mashimoni kututazama. Ilibidi tungoje maji yarudi. Ndipo ikaja mvua, na sitii chumvi sana nikisema ilinyesha mvua ya mwaka mzima kwa mpigo mmoja. Hatukuwa na pa kujificha. Mahali fulani nyuma ya mikoko kitu kizito kiliguna, kikanyamaza, kikaguna tena, karibu zaidi.

"Kiboko huyo," alisema Shomari, kwa furaha kabisa. "Msiogope. Anakula majani. Watu huwa anawavunjavunja tu, hawali."

"We Shomari, funga bakuli lako," Mama mdogo alisema. "Umetukwamisha, sasa unatutisha."

"Mimi nimekwama? Maji ndiyo yameondoka. Bibi, eti nimekosea? Bibi ukinifia humu nitakufanya chambo, nivue kambamti."

"Kwa nyama hii?" bibi alijibu. "Kambamti watakudai chumvi."

Walicheka wote. Mimi nilianza kutetemeka hata mfuniko wa sufuria ukalia. Maana nilikuwa nimeona wasichokiona: mgongo wa bibi ulikuwa unatetemeka pia, na si kwa kicheko. Kanga yake imemng'ang'ania, mabega yamepanda hadi masikioni. Nikajua kilichoguna nyuma ya mikoko si kiboko. Kilikuwa kimefuata nguo yake. Nilisali Salamu Maria, nikaunganisha na Bismillahi, nikarudi kwenye Baba Yetu, nikaomba kwa dini zote mbili kwa woga kwamba kila moja itajua naishuku. Kisha likanijia wazo: nikiiangusha sufuria hii topeni, ikizama, deni limeisha, mimi sitavaa, yeye hatakuwa ametoa. Nikaisogeza hadi ukingoni mwa mtumbwi. Bibi aligeuka, midomo yake imekuwa ya majivu, akaushika mkono wangu. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Shika vizuri, mke mwenzangu," alisema. "Hicho ndicho nilichonacho."

Nikashika. Maji yalirudi, Shomari akasukuma, lori likatungoja Nyamisati, na jioni tulipofika Kibiti bibi alishushwa kwa kubebwa. Homa ilikuwa imempanda. Baba alikimbia kutafuta klorokwini, bibi akaambiwa afungue saumu kwa kuwa ni mgonjwa, akanywa dawa na uji huku anawalaani mbu wote kwa majina ya baba zao. Halafu ile dawa ikaanza kumwasha mwili mzima, kama ilivyokuwa ikiwawasha watu, na sauti ya kucha zake ngozini niliisikia mpaka nikapitiwa na usingizi. Nilishukuru. Anayejikuna yuko hai.

Asubuhi ya Pasaka kengele ya kanisa ilipopigwa, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti, mimi nilikuwa uvunguni. Gauni lilikuwa limetandazwa kitandani juu yangu, limepigwa pasi ya mkaa, na niliona pindo lake likining'inia pembeni. Mama aliita kwa upole, kisha kwa ukali, kisha akashika mguu wangu na kuvuta. "Sivai!" nilipiga kelele. "Sivai, ni sanda!" Baba, aliyekuwa anafunga tai, aliiachia nusu. Wakatazamana, mama na Mama mdogo, na mimi nikalia kilio cha siku zote zile kwa mara moja.

Kutoka chumba cha pili bibi akasema, "Mleteni. Na hilo gauni."

Alikuwa amejilaza ubavu, amekuwa mdogo ajabu ndani ya shuka. Nilibaki mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Njoo hapa, mwizi wa mume. Kumbe ulisikia?"

"Ndiyo."

"Na umekaa nalo siku zote hizi tumboni, wewe na umri huo? Ndiyo maana hukumaliza kambamti." Akalivuta gauni, akaligeuza, akaniwekea sehemu ya chini mkononi. "Hii ni nini?"

"Pindo."

"Umewahi kuona maiti akishonewa?"

"Hapana."

"Nimewashonea mimi, majirani na mume wangu na mwanangu wa kwanza. Nguo ya maiti haina pindo. Inachanwa kwa mkono inaachwa hivyo hivyo, nyuzi zinaning'inia, kwa sababu anayeivaa hendi popote ikamnasa miguuni. Pindo ni la mtu anayetembea. Anayekimbia, anayekanyaga matope, anayekua halafu nguo inateremshwa. Zaituni kapinda mara mbili. Nilimwambia apinde mara mbili. Sasa niambie, hii ni sanda?"

Nilisema hapana, ila sikuwa na uhakika. Nikauliza kile kilichokuwa kikinila: "Na wewe ukifa?"

"Basi utaninunulia wewe. Bafta nzuri, siyo ya kupitisha mwanga, nitaona haya. Utakua, utapata kazi, utaninunulia. Kabla ya hapo sina ruhusa ya kufa, si sina nguo? Nitakwenda vipi?" Akajikuna shingo. "Vaa. Lile sanduku lilikuwa kichwani pangu miaka, kila nikilifungua kitambaa kinanitazama. Kimepata kazi sasa, kiache kifanye kazi."

Nilivaa. Sikuacha kuogopa, nisiseme uongo. Niliogopa nikiwa nimevaa vizuri. Kanisa letu dogo lilikuwa limejaa hadi madirishani, bati linapigwa na mvua, mabinti wenzangu wamevaa mapazia ya nyumba zao, na mimi peke yangu nanukia hivi nilivyonukia. Mwenzangu wa kushoto alipiga chafya tangu Gloria hadi mahubiri. Kila mlango uliposogea niligeuka, nikijua atakuwa mtu ametumwa kutuambia bibi ameondoka. Padri alikuwa amevuka matope na pikipiki, viatu vyake vyekundu kwa udongo chini ya kanzu nyeupe. Tulipanga mstari. Nilipofika mbele yake nikafungua mdomo, nikageuza jicho mara ya mwisho mlangoni, na pale, kwenye mwanga wa mvua, amesimama bibi. Hasogei. Kanga imemfunika hadi usoni, mrefu kuliko alivyo, mweupe mweupe.

Nilipiga ukelele. Mimi naamini Ikwiriri waliusikia. Padri alirudi nyuma hatua nzima, kidogo Ekaristi imtoke mkononi, katekista akaniziba mdomo kwa kiganja kilichonuka ubani. Na kile kivuli cha mlangoni kikasema kwa sauti ya bibi, ile ya kufukuzia ndege:

"Mpeni basi, mnamcheleweshea nini? Anaogopa huyo!"

Alikuwa ameegemea bega la Shomari, ambaye alikuja kutujulia hali akalazimishwa kumleta. Homa ilikuwa imemwacha, akasema hawezi kulala kitandani kama mzinga wakati kitambaa chake kiko mbele za watu na yeye hajakiona. Watu walinong'ona hadi nje: Bi Mwanahawa kaja kanisani! Mmoja akathubutu kumwuliza. "Sijaja kanisani," bibi alijibu, miguu yake yote miwili ikiwa barazani, nje ya kizingiti. "Nimemsindikiza mke mwenzangu." Mama, ambaye alikuwa amepiga magoti, hakugeuka. Lakini niliona mabega yake. Nikapokea Komunyo yangu, na hadi leo sikumbuki ladha yake, nakumbuka karafuu maiti.

Pilau haikuliwa mchana ule. Bibi, ambaye dawa ilikuwa imemruhusu kula, alisema hawezi kula sikukuu huku Zaituni amefunga, anamezea mate mishono. Mama akasema basi na sisi tutangoja. Baba akatazama sufuria, akatazama saa, akaenda kuchonga kitu kisichohitaji kuchongwa. Tulikaa mkekani jioni nzima, mimi na gauni langu, na nilipopita mama alinirekebisha shela, nilipopita bibi alilirekebisha tena kwa namna yake. Adhana ya magharibi ilipolia kutoka msikitini, mikono yote iliingia kwenye sinia kwa wakati mmoja. Nilikuwa nikimtazama bibi akila. Alikula kama mtu mwenye kazi nyingi mbele yake.

Aliishi. Aliishi hadi tukaanza kudhani amesahauliwa. Kila nilipokwenda deltani aliniuliza, "Mwajuma, umepata kazi?" Nikisema bado, anasema "Alhamdulillahi," anaendelea kupeta. Nilipoanza kuuza vitambaa sokoni Kibiti nilimficha. Nilinunua bafta nzito, isiyopitisha mwanga, nikaifungia miaka bila kumwambia, na niliposoma shule ya jioni alidhani bado mimi ni mwanafunzi tu, sina uwezo, akazidi kuishi kwa amani. Siku aliyofariki, mpunga wake ulikuwa umekwisha kuvunwa. Nilikwenda na bafta yangu, na Mama mdogo Zaituni akaichana kwa mikono yake. Hakupinda popote.

Ndiyo maana mwaka huu nilicheka. Ndani ya sanduku la Mama mdogo zilitoka bafta mbili zilizokunjwa sawasawa, zote zinanukia vilevile. Ya kwanza ilikuwa wazi, nyuzi zinaning'inia. Ya pili mwoshaji aliifungua, akaipitishia vidole chini, akakunja uso. "Jamani, hii mbona ina pindo? Tena amepinda mara mbili. Mtu fundi kama huyu, hakujua kwamba sanda haina pindo?" Wakaangaliana, wakamsikitikia kwa uzee. Miezi michache kabla, Mama mdogo alikuwa amenipigia simu kuniuliza mjukuu wangu amefika urefu gani, na kama ni kweli Pasaka ijayo anapokea Komunyo. Nikamwambia kweli. Akasema, "Macho hayaoni sindano siku hizi, lakini pindo naweza," akakata simu.

Tulipomaliza matanga nilikitia kile kitambaa kwenye sufuria yenye mfuniko, nikaifunga kwa kanga, nikaipakata hadi nyumbani. Mjukuu wangu alikuja mbio, akafunua, akarudi nyuma akijishika pua.

"Bibi! Mbona kinanuka hivi?"

"Kina pindo, mke mwenzangu," nilimwambia. "Simama nikupime."